Jicho Mbele ya Kitu Kinachogeuka

Kitu kigumu kinapozungushwa mbele ya mtazamaji, umbo lake halibadiliki hata kidogo, lakini taswira yake inayoangukia kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hubadilika kila kinapogeuka. Tofauti hiyo kati ya umbo lililotulia na taswira isiyotulia ndiyo kiini cha mhadhara huu, ambao unauliza ni kwa njia gani binadamu hujua kwamba kiti alichokiona kwa mbele na kiti anachokiona kwa nyuma ni kiti kile kile, ilhali picha mbili zilizofika machoni mwake hazifanani. Kwa zaidi ya nusu karne wanasaikolojia na wataalamu wa ubongo wamelijibu swali hilo kwa nadharia zinazopingana, na baadhi ya majibu yao yameungwa mkono na majaribio yasiyo na kasoro kubwa kwa pande zote mbili. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya mgongano huo ilitokana na kudhani kuwa kutambua ni kazi moja, wakati ambapo ni kazi kadhaa, na kila moja hudai habari za aina yake kutoka katika taswira.

Mzunguko wa bapa na mzunguko wa kina

Kitu huweza kuzungushwa kwa namna mbili zenye matokeo tofauti kabisa kwa jicho. Katika mzunguko wa bapa, mhimili hutoka kwenye kitu ukaelekea moja kwa moja kwa mtazamaji, hata kitu kikapinduka kichwa chini miguu juu bila sehemu yake yoyote kusogea mbele wala kurudi nyuma. Taswira yake nayo hupinduka vivyo hivyo, na kila pembe na kila urefu uliokuwamo hubaki kama ulivyokuwa. Katika mzunguko wa kina, mhimili huwa umesimama wima, umelala mlalo, au umeinama kati ya hali hizo mbili, na mzunguko huzileta baadhi ya sehemu karibu na mtazamaji huku ukizipeleka nyingine mbali naye. Mtu anayetazamwa kwa mbele akiinamisha kichwa kuelekea begani hukizungusha kwa bapa, na akigeuza shingo kumtazama jirani aliyeketi kando yake hukizungusha kwa kina.

Mzunguko wa kina huleta matatizo ambayo ule wa bapa hauna. Hufupisha, kwa maana kwamba sahani ya duara inayotazamwa uso kwa uso kutoka mbali huacha duara kwenye retina, lakini ikigeuzwa nyuzi 60 upana wake kwenye taswira hubaki nusu tu, kwa kuwa upana huo hufuata kosaini ya pembe ya mgeuko, na duara huwa duaradufu jembamba. Hufunika na kufunua, kwa sababu kikombe kikigeuzwa kishikio chake hupotea nyuma, na maandishi yaliyokuwa upande wa pili hujitokeza. Tena huvuruga ujirani wa sehemu, kwani miguu ya kiti iliyoonekana kuachana huonekana imekutana, na mistari isiyogusana katika kitu chenyewe hukatizana katika picha. Kwa kifupi, mzunguko wa bapa huzihamisha habari mahali pake, na mzunguko wa kina huzibadilisha habari zenyewe.

Tatizo hilo lina upande wa hesabu pia. Taswira ya retina ina vipimo viwili na ulimwengu una vitatu, hivyo picha moja huweza kutokana na maumbo yasiyo na idadi: duaradufu lile lile huweza kuachwa na sahani ya duara iliyogeuka, au na sahani ya umbo la yai inayotazamwa uso kwa uso. Mswisi Louis Albert Necker alilionyesha jambo hilo mwaka 1832 kwa mchoro wa mchemraba uliochorwa kwa mistari ya kingo zake tu, ambao mtazamaji huuona ukielekea upande mmoja, kisha ghafla ukaelekea upande mwingine, ingawa hakuna mstari uliosogezwa. Mchoro hautoshi kuamua, na akili huamua kwa niaba yake.

Kati ya taswira na umbo halisi

Uamuzi huo wa akili ulipimwa mapema. Mwaka 1931 Robert Thouless, aliyekuwa akifanya utafiti wake Glasgow, aliwaonyesha washiriki visahani vya duara vilivyolazwa juu ya meza, akawataka wachague au wachore umbo lililofanana na lile walilokuwa wakiliona. Kwa sheria ya kosaini, jibu lilipasa kuwa duaradufu jembamba. Kwa ujuzi wa kitu chenyewe, lilipasa kuwa duara kamili. Washiriki walitoa umbo lililo katikati ya hayo mawili, yaani duaradufu nene kuliko lile la retina, na Thouless akaliita jambo hilo kurejea kwenye kitu halisi. Wanasaikolojia huliweka chini ya jina pana la uthabiti wa umbo, maana yake ni uwezo wa kuliona umbo likiwa lile lile hata pembe ya kutazama ikibadilika. Funzo la majaribio hayo ni kwamba uthabiti huo haukamiliki: mtazamaji hasomi retina yake kama ilivyo, wala hakifikii kitu chenyewe moja kwa moja.

Upande wa pili wa uamuzi huo ulifichuliwa na Mmarekani Adelbert Ames, aliyechapisha mwaka 1951 maelezo ya dirisha lake la trapeza. Hilo ni bamba lililokatwa na kupakwa rangi hata likafanana na dirisha la mstatili linalotazamwa kwa pembeni, lenye ubavu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Likizungushwa polepole kwenye mhimili wima, mtazamaji halioni likizunguka, bali huliona likiyumba kwenda na kurudi, kwa sababu ubavu mrefu huonekana daima kuwa ndio ulio karibu. Mwaka 1957 Gordon Allport na Thomas Pettigrew walichapisha matokeo ya kulionyesha dirisha hilo Afrika Kusini, kwa Wazulu wa vijijini na kwa watu wa mjini, wakitaka kujua iwapo waliokulia katika nyumba za duara, zisizo na madirisha ya mstatili, wangedanganyika vilevile. Katika hali zilizofaa zaidi kwa udanganyifu, yaani kutazama kutoka mbali kwa jicho moja, makundi hayakutofautiana sana. Hali zilipokuwa na utata, watu wa vijijini walidanganyika mara chache zaidi. Inafuata kwamba uzoefu huwa na nguvu hasa pale ambapo taswira imeshindwa kuamua, na dalili za taswira zikiwa kali, uzoefu hupata nafasi ndogo.

Kuzungusha akilini

Jaribio lililoupa uwanja huu sura yake ya sasa lilichapishwa mwaka 1971 na Roger Shepard na Jacqueline Metzler wa Chuo Kikuu cha Stanford. Walichora maumbo yaliyojengwa kwa michemraba 10 iliyounganishwa kama mkono uliokunjwa mara tatu kwa pembe mraba, wakawaonyesha watu wazima 8 jozi za michoro hiyo. Katika nusu ya jozi, michoro miwili ilikuwa ya umbo moja lililozungushwa. Katika nusu nyingine, moja lilikuwa taswira ya kioo ya jingine, kama mkono wa kulia ulivyo kwa wa kushoto. Mshiriki alitakiwa kusema haraka kama maumbo ni yale yale au sivyo, na muda wake wa kujibu ukapimwa.

Kwa jozi za umbo moja, muda uliongezeka kwa kufuata mstari ulionyooka kadiri pembe kati ya michoro ilivyokua, kuanzia takriban sekunde 1 pasipokuwa na mgeuko hadi sekunde 4 au zaidi kwa nyuzi 180, na mteremko wa mstari huo ulionyesha kasi ya nyuzi 60 hivi kwa sekunde. Ilikuwa kana kwamba mshiriki ameushika mchoro mmoja kwa mikono ya akili na kuugeuza mpaka ulingane na wa pili. La kushangaza zaidi ni kwamba mstari wa jozi zilizozungushwa kwa kina ulikaribia kuwa sawa na wa jozi zilizozungushwa kwa bapa. Kama akili ingekuwa inageuza picha tu, mzunguko wa kina ungeishinda, kwa kuwa picha ya bapa haiwezi kugeuzwa ikatoa upande ambao haumo ndani yake. Kumbe kilichogeuzwa kilikuwa umbo lenye vipimo vitatu, lililojengwa upya kutokana na mistari ya karatasi.

Hata hivyo, jaribio hilo linapaswa kusomwa kwa uangalifu. Maumbo ya jozi yalikuwa na sehemu zile zile, zenye urefu ule ule na mikunjo ile ile, na tofauti pekee ilikuwa ya kulia na kushoto. Kulia na kushoto havikai ndani ya kitu kama vinavyokaa unene au idadi ya miguu. Hupatikana kwa kukilinganisha kitu na mwelekeo wa nje, mara nyingi mwili wa mtazamaji mwenyewe. Washiriki walipewa basi kazi ambayo orodha ya sehemu za kitu isingewasaidia kuifanya, wakaifanya kwa kuzungusha. Bado haijathibitishwa kwa hayo kwamba mtu anayetambua birika mezani huligeuza kwanza akilini.

Sehemu za kitu au pembe za kutazama

Nadharia ya kwanza kubwa ya kutambua bila kuzungusha iliandikwa mwaka 1978 na David Marr pamoja na Keith Nishihara. Kwa maoni yao, lengo la mfumo wa kuona ni kujenga maelezo ya muundo, yaani orodha ya sehemu za kitu na namna zilivyoshikamana, ikipimwa kwa mihimili ya kitu chenyewe badala ya mahali aliposimama mtazamaji. Kiwiliwili cha binadamu, kwa mfano, kina mhimili mrefu ambao mikono na miguu imeungwa nao, na uhusiano huo hubaki vile vile mtu akionekana kwa mbele au kwa ubavu. Maelezo ya aina hiyo yakishapatikana, mzunguko wa kina hauna gharama tena. Shida ni kuyapata, kwa sababu kitu kikielekezwa kwa jicho kwa upande wa ncha yake, mhimili wake mrefu hufupika hata karibu utoweke.

Irving Biederman aliitafutia njia shida hiyo mwaka 1987. Alipendekeza kwamba vitu vyote huundwa kwa viungo vichache alivyoviita geoni, visivyozidi 36, vikiwemo mcheduara, tofali, koni na bomba lililopinda, na kwamba kila kimoja hutambulika kwa dalili ambazo hazibadiliki kwa mgeuko. Mstari ulionyooka ulimwenguni hunyooka pia katika taswira karibu kwa kila pembe ya kutazama, na mpindo huonekana mpindo isipokuwa kwa nadra sana. Kingo zilizo sambamba hubaki karibu sambamba, na kingo tatu zinazokutana kwenye kona huendelea kukutana. Jicho linaloziona dalili hizo lina haki ya kuamini kwamba hazikutokea kwa bahati. Birika basi ni pipa lenye mdomo uliopinda upande mmoja na kishikio upande wa pili, na maelezo hayo hudumu maadamu viungo vyote vitatu vinaonekana.

Majaribio ya upinzani yalitokea mwaka huo huo. Irvin Rock na Joseph DiVita walitengeneza maumbo ya waya laini uliopindwa huku na huku, wakagundua kwamba mtu aliyeliona umbo kutoka upande mmoja mara nyingi alishindwa kulitambua lilipohamishiwa mahali ambapo liliacha taswira ya sura nyingine. Mwaka 1992 Heinrich Bülthoff na Shimon Edelman waliendelea kwa kutumia maumbo ya kompyuta yaliyofanana na vibanio vya karatasi vilivyonyooshwa na kukunjwa ovyo. Washiriki walifundishwa kila umbo kutoka pembe chache, kisha wakapimwa kwa pembe mpya. Walitambua vizuri pembe zilizoangukia kati ya zile walizofundishwa, walitambua kwa shida zaidi zilizotoka nje yake kwa mhimili ule ule, na walikosea zaidi ya yote pale mzunguko ulipofuata mhimili mwingine. Matokeo hayo yaliafikiana na nadharia ya pembe za kutazama, inayosema kwamba kumbukumbu huhifadhi picha kadhaa za kitu kimoja na kuziba mapengo kati yake. Mwaka 1990 Tomaso Poggio na Edelman walikuwa tayari wameonyesha mtandao wa kompyuta uliojifunza kufanya hivyo.

Mwaka 1993 Biederman na Peter Gerhardstein walijibu kwa kuweka masharti. Mzunguko wa kina hauleti gharama kubwa, walisema, iwapo kitu kinagawanyika katika geoni, iwapo geoni zake zinakitofautisha na vitu vingine vinavyoshindana nacho, na iwapo geoni zile zile zinaonekana kabla na baada ya mgeuko. Waya uliopindwa ovyo huvunja masharti hayo, kwa kuwa kila umbo limejengwa kwa vipande vya aina moja. Michael Tarr na Bülthoff walijibu mwaka 1995 kwamba masharti hayo ni membamba mno kwa maisha ya kawaida, ambamo mtu hutakiwa kutofautisha gari lake na magari mengine ya aina hiyo hiyo, na uso wa ndugu mmoja na uso wa ndugu mwingine.

Ukitazamwa kwa mbali kidogo, ubishi huo unaonyesha zaidi ya washiriki wake walivyotaka. Upande wa kwanza uliwauliza watu kitu hiki ni cha aina gani; upande wa pili uliwauliza kitu hiki ni kipi kati ya vinavyofanana; Shepard na Metzler walikuwa wameuliza ni cha kulia au cha kushoto. Swali la aina hujibiwa kwa dalili zinazovuka mgeuko, hivyo pembe huwa na uzito mdogo. Swali la kipi hujibiwa kwa vipimo na mipindo midogo ambayo ufupisho huiharibu, hivyo kumbukumbu ya pembe mbalimbali huhitajika. Swali la kulia na kushoto huhitaji umbo zima lilinganishwe na mwelekeo fulani, ndipo kuzungusha akilini kunapoonekana. Mwaka 2002 David Foster na Stuart Gilson walipoyachanganya mambo hayo katika maumbo mapya, waliona kwamba washiriki walitumia kwa pamoja habari za sehemu na habari za pembe, kila moja ikiongeza mchango wake katika jibu.

Pembe zinazopendelewa, na ubongo unaozipokea

Pembe za kutazama hazina thamani sawa hata katika kutaja aina. Stephen Palmer, Eleanor Rosch na Paul Chase walionyesha mwaka 1981 kwamba vitu vya kawaida, kama farasi, kiti na kamera, vina pembe ambayo watu huichagua wanapotaka kupiga picha nzuri, na ambayo picha yake hutajwa haraka kuliko nyingine. Mara nyingi pembe hiyo huwa kati ya mbele na ubavu, juu kidogo ya usawa wa kitu. Sababu yake inaeleweka kwa yaliyokwisha kusemwa: kwa pembe hiyo nyuso nyingi huonekana kwa wakati mmoja na hakuna mhimili mkuu uliofupishwa sana. Kitu kikitazamwa kwa ncha au kwa juu kabisa, dalili zake hupungua hata mtu mwenye macho mazima akasita.

Kwa baadhi ya wagonjwa kusita huko hugeuka kushindwa. Mwaka 1973 Elizabeth Warrington na Angela Taylor, jijini London, waliwapima watu walioharibikiwa na sehemu ya nyuma ya nusu ya kulia ya ubongo, katika eneo la paritali lililo upande wa juu. Wagonjwa hao walivitambua vitu vilivyopigwa picha kwa pembe ya kawaida, lakini walivipoteza vitu hivyo hivyo vilipopigwa kwa pembe isiyozoeleka. Jeraha liliacha njia moja na kuharibu nyingine, jambo ambalo lisingewezekana kama kutambua kungekuwa kazi moja inayofanywa mahali pamoja.

Seli zenyewe zinathibitisha wingi huo. Mwaka 1995 Nikos Logothetis na wenzake waliwafundisha kima kutambua maumbo ya waya, kisha wakasikiliza seli katika sehemu ya chini ya eneo la temporali, lililo ubavuni mwa ubongo. Nyingi kati ya zilizochagua umbo ziliitikia kwa nguvu pembe moja ya umbo hilo, na mwitikio ulififia kadiri lilivyogeuzwa. Chache ziliitikia umbo kwa kila pembe. Mwaka 2010 Winrich Freiwald na Doris Tsao waliona mfuatano wa wazi zaidi kwa nyuso: katika sehemu za kati za eneo hilo, seli hujali pembe; mbele kidogo, huuchukulia ubavu wa kulia na wa kushoto kuwa sawa; na mbele kabisa, hujali uso ni wa nani karibu bila kujali umegeukia wapi. Habari za pembe hazitupwi mwanzoni. Huchujwa hatua kwa hatua, ili kila kazi iweze kuchota katika hatua inayoifaa.

Katika maisha, aghalabu mtazamaji mwenyewe ndiye huhama. Daniel Simons na Ranxiao Wang waliwaonyesha watu mwaka 1998 vitu vilivyopangwa juu ya meza ya duara, wakahamisha kimoja kwa siri na kuuliza ni kipi. Meza ilipozungushwa huku mtazamaji ametulia, wengi walitatizika. Mtazamaji alipotembea mpaka upande mwingine, retina ikapata badiliko lile lile, lakini jibu lilikuwa rahisi zaidi. Miguu na sikio la ndani, lenye kiungo cha mizani, huuarifu ubongo ni kiasi gani pembe imebadilika, na ubongo huirekebisha kumbukumbu kwa kiasi hicho. Mashine zilizofundishwa kwa picha tulivu hazina msaada huo: mwaka 2019 watafiti wa MIT walipokusanya picha za vitu vya nyumbani vilivyogeuzwa kwa pembe nyingi na kuwekwa mahali pasipo pa kawaida, usahihi wa programu bora za kutambua picha ulishuka kwa pointi 40 hadi 45 za asilimia.

Hitimisho

Kutokana na haya yote, nadharia yoyote ya kuona vitu vilivyogeuka inapaswa kuulizwa kwanza ni kazi gani inayoieleza. Mafundi waliligundua jambo hilo kwa njia yao kabla ya wanasaikolojia. Jiometria ya michoro iliyofundishwa na Mfaransa Gaspard Monge, na kuchapishwa mwaka 1799, huweka kitu kimoja katika picha kadhaa zilizopangwa kwa kanuni, na uchoraji wa kiufundi unaofundishwa shuleni hadi leo bado hudai sura ya mbele, ya ubavu na ya juu. Kwa anayetaka kujua tu kwamba kilichochorwa ni kiti, picha moja ya pembeni inatosha. Kwa seremala anayepaswa kukiunda, picha hiyo haitoshi, kwa kuwa vipimo anavyovihitaji ndivyo vilivyofupishwa. Mwalimu wa uchoraji, wa anatomia au wa kemia anayewapa wanafunzi picha moja ya kitu chenye vipimo vitatu huwa amewaandaa kukitaja jina. Akitaka wakijue umbo, hana budi kuwapa kitu chenyewe wakigeuze, au pembe za kutosha kuziba pengo kati ya moja na nyingine.